Biskuti za Idi na watoto wadogo: anza na nankhatai

Dada, umeuliza biskuti gani za Idi ufanye na watoto wa miaka 2 na 5, na kwa nini zako za kukata zilitandazika. Za kukata ziache kwanza. Kusukuma donge ni kazi ngumu kwa wadogo, na kila ukilikusanya upya na kuongeza unga, biskuti zinakuwa ngumu.

Fanya nankhatai, biskuti za samli zinazoviringwa kwa mkono. Chukua samli gramu 150, sukari ya unga gramu 100, unga wa ngano gramu 250, beking pauda nusu kijiko cha chai na iliki iliyosagwa. Samli iwe imeganda lakini laini. Ikiyeyuka, biskuti hutandazika, na kwa joto la pwani hilo hutokea upesi. Weka vidonge kwenye friji dakika 20 kabla ya kuoka.

Wewe piga samli na sukari mpaka ziwe nyeupe. Mkubwa achekeche unga, kisha changanya vyote viwe donge. Gawa donge vipande vya gramu 15 vilivyo sawa, la sivyo vidogo vitaungua kabla vikubwa havijaiva. Mdogo aviringe na kubonyeza kwa kidole gumba, kisha anyunyize lozi zilizosagwa. Lozi nzima hapana, zinaweza kumkaba.

Wasilambe donge hata kama halina yai, kwa sababu unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu.

Oka nyuzi 170 kwa dakika 15 hivi. Zitatoka laini, usizirudishe ovenini. Zitakauka kwenye treya.