Uigaji ukipishana na mizani ya rigi, msikimbilie kubadili msuguano

Swali: Tunachimba sehemu ya inchi 8½ ya kisima kilichopinda. Programu ya uigaji, inayokadiria uzito kwa kompyuta, ilitabiri tani 130 wakati wa kuvuta mabomba, mizani ya rigi (mtambo wa kuchimbia) inasoma 150. Mwenzangu ameongeza kigezo cha msuguano hadi mstari wa uigaji kwenye grafu ukalingana na wa mizani. Je, ni sahihi?

Jibu: Hapana, ndugu. Msuguano ndio wa mwisho kuguswa. Mkiuongeza kabla ya kujua tofauti imetoka wapi, siku vipande vya mwamba vitakapojikusanya kisimani grafu itawaambia mambo ni shwari, na mabomba yatanasa.

Anzeni na uzito wa mabomba yakiwa yanazunguka, biti (kichwa kinachokata mwamba) ikiwa imeinuliwa kidogo kutoka chini. Yakizunguka, msuguano huhamia kwenye torki (nguvu ya kuzungusha) na karibu hauonekani kwenye mizani. Tofauti ikibaki hapo, kosa liko kwenye uzito mlioingiza. Kwa tani 20 zenu ningeangalia kwanza bloku na topu draivu, yaani kapi na mota ya kuzungushia vinavyobeba mabomba: uzito wake, ambao kwa rigi nyingi hufika tani 20 au zaidi, husahaulika au hujumlishwa mara mbili. Halafu bomba lenyewe. La inchi 5 linaloitwa la ratili 19.5 kwa futi ni kilo 29 kwa mita kwenye karatasi. Pamoja na viungio vyake ni kilo 31 hadi 34. Ndani ya tope la kuchimbia la 1.20 (uzito mara 1.20 wa maji) chuma hubaki na takriban asilimia 85 ya uzito wake, kwa hiyo kwenye kina cha wima cha mita 2,000 mmekosea kwa tani 3 hadi 8.

Uzito huo ukilingana, ndipo mtafute msuguano. Ndani ya kesingi (bomba la chuma linalokinga ukuta wa kisima), kabla ya kutoboa kiatu chake, yaani ncha yake ya chini, pimeni kuvuta na kushusha bila kuzungusha. Kwa tope la maji jibu huangukia 0.15 hadi 0.25. Kwenye mwamba mtupu, usio na kesingi, mara nyingi 0.20 hadi 0.35. Mkilazimika kufika 0.45, ama kisima kina uchafu ama mmetumia njia ya mpango badala ya vipimo halisi vya mwelekeo. Njia ya mpango imenyooka vizuri, kisima halisi kina vikona, na kila kikona hukandamiza bomba ukutani. Kwa visima vinavyokwenda mbali, kama vya mafuta vya Kingfisher, Uganda, vinavyoanzia ufukweni na kupita chini ya Ziwa Albert, vikona hivyo hujilimbikiza.

Sasa choreni mapema mistari ya 0.20, 0.25, 0.30 na 0.35, na kila stendi (mabomba machache yaliyounganishwa) drila, yaani mwendesha rigi, aandike uzito wa kuvuta, wa kushusha na wa kuzunguka, kwa mwendo uleule na pampu katika hali ileile. Nukta zikihama mstari kwa stendi chache, vipande vinalala kisimani. Hatari zaidi ni mwinamo wa nyuzi 30 hadi 65 kutoka wima, maana huko huteleza kurudi chini pampu ikizimwa. Zungusheni mabomba mizunguko 120 au zaidi kwa dakika, kama vifaa vinaruhusu, mpaka chekeche zitoe tope safi, ndipo mvute.

Msiongeze pampu kwa kubahatisha. Upotevu wa shinikizo wa bar 15 tope linapopanda nje ya mabomba kwenye mita hizo 2,000 hulifanya tope la 1.20 liwe sawa na 1.28. Ikiwa mwamba chini ya kiatu hupasuka kwa 1.30, mmebakiwa na 0.02 tu. Igeni kwanza, mkiingiza mzunguko na vipande vya mwamba, kwa sababu vyote viwili huongeza shinikizo hilo.