Indiana Jones ya tano: rudisha hizo pesa za watu kwanza

Simama hapo hapo. Hiyo orodha ya majina uliyobandika, ya watu wa Mbale uliowaambia wakutumie pesa kwenye simu kabla ya Ijumaa ili ukodi ukumbi mzima Kampala, ifute leo. Swali lako nimelisoma lote. Unataka kuwapeleka ndugu na majirani baada ya Idi, filamu inatoka 30 Juni 2023, basi la kuwapeleka umeshalipata, na kuna jamaa "wa ndani" aliyekuhakikishia kwamba filamu hii ya tano ya Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa Hollywood, itawafuta watu machozi ya ile ya nne ya 2008. Unauliza kama Harrison Ford, anayemwigiza Indiana, bado anaweza, kama watoto waoneshwe zile nne za zamani na kwa mpangilio gani, na kama kukodi ukumbi kuna nafuu kuliko kukata tiketi mojamoja. Mimi nashika hilo la pesa, maana ndilo litakalokufanya uanze kupita njia za uchochoroni ukirudi nyumbani.

2008 tulikuwa Jinja. Kundi letu lilikuwa la wapenzi wa kweli, si wa kufuata mkumbo. Wengi tulimjua Indiana Jones kwenye kibanda cha video: TV moja juu ya meza, jenereta inanguruma nje, VJ kashika maikrofoni anatafsiri kwa Kiganda palepale picha inapokwenda, akimtilia Indiana mdomoni maneno ambayo Hollywood hawakuyawaza. Lile jiwe kubwa la filamu ya kwanza, ya 1981, lilipoanza kubingirika, waliokaa benchi la mbele walikuwa wanavuta miguu. Halafu ikaja ile ya 1989, ya baba na mwana, Sean Connery akiwa baba, na wote tukajua hadithi imefungwa vizuri, wanaume wanne juu ya farasi wanapotelea kwenye jua. Kisha kimya. Miaka 19. Mtoto aliyeiona akiwa shule ya msingi alikuwa sasa ana mke. Elewa kiu hiyo, mdogo wangu, kwa sababu kuna watu wanaishi kwa kuuza maji ya namna hiyo.

Aliyetuuzia sisi alikuwa na kipindi cha filamu redioni. Jina lake silitaji, redio yake siitaji, wa wakati ule watamkumbuka. Sauti nzito, anacheka kabla hajamaliza sentensi. Mwezi wa nne mwaka huo alitangaza kwamba ameiona sehemu ya nne kwa macho yake kwenye onyesho la siri Nairobi, na kwamba ni bora kuliko ya 1989. Akasema mwenye akili akamate viti mapema, ukumbi fulani wa Kampala utajaa mwezi mzima. Sasa hesabu mwenyewe: filamu ile ilioneshwa hadharani mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, tarehe 18 Mei. Ikaingia kwenye kumbi za Marekani 22 Mei. Yeye mwezi wa nne alikuwa ameshaiona, na anakueleza hadi mwisho unavyoliza! Hakuwa ameona chochote zaidi ya ile trela ya Februari ambayo sote tuliisubiri ifunguke mkahawa wa intaneti, kipande kwa kipande, tukilipia dakika.

Baadaye msichana wa dirisha la tiketi ndiye aliyetufumbua macho: jamaa alikuwa anapata chake kwa kila kiti kilicholipiwa kupitia kwake. Mpaka leo likinijia jambo hilo damu inachemka. Kumdanganya mtu kuhusu kitu anachokipenda tangu utotoni, ukamtumia yeye kuwavuta ndugu zake, huo si ujanja wa mjini. Ni wizi, na unauma kuliko wa mfukoni.

Basi pesa zikakusanywa. Wakati huo pesa za simu zilikuwa bado hazijafika Uganda, MTN walizianzisha 2009, kwa hiyo zilikuja mkononi: kwenye bahasha, kwenye kaveera, mifuko ya plastiki, noti zimekunjwa hadi zinakuwa kama vidonge. Mama mmoja muuza samaki wa Masese alilipia wanawe wote na noti zake zilikuwa bado na magamba. Daftari lilikuwa kwangu. Nusu ya malipo ikapelekwa ukumbini Kampala, na kwenye risiti palikuwa na mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba malipo hayo hayarudishwi. Soma risiti zako, ndugu. Zisome ukiwa bado dirishani, pesa iko mkononi.

Tarehe ikafika, filamu haipo. Enzi zile filamu ilikuwa inasafiri kwa mikanda ya milimita 35, masanduku mazito, na Kampala hatukuwa wa kwanza kwenye foleni. Tukaambiwa wiki ijayo. Wiki ikaisha, tukaambiwa tena wiki ijayo. Muhula wa pili ukafunguliwa, watoto waliolipiwa wakarudi bweni. Wazazi wakaanza kuja kwangu, kwanza kwa salamu ndefu, halafu bila salamu. Ukumbi ulinionesha ule mstari wa chini. Mtu wa redio hakushika simu tena. Aliyetakiwa kulipa akawa ni yule ambaye nyumba yake inajulikana. Niliuza bodaboda yangu iliyokuwa inanilisha ili mama wa Masese na wenzake wapate chao, na hata hivyo hazikutosha, nikawa nalipa kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka.

Waliobaki na subira tuliwapakia kwenye taksi tukaenda. Nilikaa na mzee mmoja, Hajji wa Iganga, aliyetoka kwao alfajiri na kanzu iliyopigwa pasi, kwa sababu alimpenda Indiana tangu siku za kibanda. Filamu haijakolea, tukafika Nevada, kwenye jaribio la bomu la nyuklia. Indiana anajifungia ndani ya friji. Bomu linalipuka, kijiji kizima kinayeyuka, friji inarushwa angani, inaanguka, inabiringika, mlango unafunguka, mtu anatoka anajikung'uta vumbi. Hajji alikuwa na mfuko wa bisi. Aliukunja mdomo wa mfuko taratibu, mara mbili, akauweka chini ya kiti, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, huyu sasa ni jini?" Sikuwa na la kumjibu. Baadaye kijana akabembea kwenye kamba za msituni pamoja na nyani, na mwishoni wakatoka viumbe wa ulimwengu mwingine. Hajji hakula bisi zake tena.

Kurudi, tulipofika Namawojolo, mahali ambapo abiria hurukia madirisha kununua kuku wa kuchoma, hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu mmoja nyuma akauliza tu, "Na pesa zile nyingine, zitarudi lini?" Tukauvuka msitu wa Mabira hivyo hivyo.

Sasa nikuambie, usikie vizuri. Filamu hiyo hiyo ilishangiliwa Cannes. Wahakiki wengi wa magazeti waliipa alama nzuri. Dunia nzima ilivuna zaidi ya dola milioni 780. Kwa hiyo mtu akikuambia "Cannes wamepiga makofi" au "itavunja rekodi", anakuambia habari za watu wengine kabisa, si za Hajji wako. Makofi ya Cannes hayakumrudishia mama wa Masese pesa zake. Ukumbi unaweza kujaa hadi ngazini na kila mtu akatoka na hasira, kwa sababu tiketi hulipwa mlangoni, kabla mtu hajajua anapewa nini.

Na sasa jamaa wako anakuletea maneno yale yale, hata hakujisumbua kuyabadili. "Nimeiona, ni bora kuliko ya 1989." Muulize ameionea wapi. Ya tano imepita Cannes tarehe 18 Mei 2023, na maoni yaliyotoka huko yamegawanyika: wengine wamelia kwa furaha, wengine wamesema ni ndefu na imechoka. Ni saa mbili na dakika 34. Kama jamaa wako hakuwa Cannes, ameona trela, ile ile uliyoiona wewe: farasi kwenye reli ya chini ya ardhi New York, mbio za tuktuk Morocco, na muziki wa John Williams unapanda hadi nywele zinasimama. Hata mimi zilisimama. Lakini trela hukatwa na watu wanaolipwa kukata trela. Kazi yao ni kuchukua dakika mbili tamu, na dakika mbili tamu hupatikana hata kwenye filamu mbovu. Ya 2008 nayo trela yake ilikuwa tamu.

Usinielewe kwamba nimekata tamaa. Ninaisubiri hii filamu kwa moyo wote. James Mangold ndiye anayeongoza, mara ya kwanza kiti hicho hakikaliwi na Steven Spielberg, aliyeongoza zile nne, na Mangold huyo huyo mwaka 2017 alichukua shujaa wa Marvel, akamwacha azeeke, achechemee, aumie kweli, na ikawa kazi ya heshima. Anajua kumtazama mwanamume aliyechoka. Na John Rhys-Davies anarudi kama Sallah, rafiki wa Indiana wa siku zile, jambo ambalo peke yake linanitosha kutoa nauli yangu. Yangu, nasema. Upande wa pili, miongoni mwa walioandika yumo David Koepp, jina lile lile lililo kwenye ya 2008. Huwezi kujua mkono wa nani umeshinda mpaka taa zizimwe.

Kuhusu Ford: atatimiza miaka 81 tarehe 13 Julai 2023. Wakati wa kupiga picha, 2021, aliumia bega, wakangoja. Uzee wake haunitishi hata kidogo, hadithi yenyewe ni ya 1969 na inasema wazi kwamba huyu ni mzee. Kinachonitisha ni mwanzo wa filamu, ambapo wamemrudisha ujanani kwa kompyuta ili awe mtu wa 1944. Mwaka 1981, Indiana alipoburutwa chini ya lori, chini ya lori palikuwa na mtu mwenye mifupa. Tulilihisi hilo hata kupitia TV yenye chenga ya kibandani. Sura iliyopakwa na kompyuta inaweza kuwa nzuri na bado macho ya mtoto wa Mbale yakagundua kwamba humo ndani hakuna mtu.

Kanuni yangu ni moja na sitaisogeza: pesa ya mtu mwingine isiingie mkononi mwako kwa filamu ambayo mtu unayemjua, aliyelipia tiketi yake mwenyewe, hajaiona mpaka majina ya mwisho. Si mtangazaji, si mtu wa ndani, si binamu anayefanya kazi ukumbini. Mtu anayepoteza pesa yake ikiwa mbaya. Umtume mtu huyo aingie siku ya kwanza. Muulize maswali ya watu wako, kwa mfano kama mama zetu watakaa saa mbili na nusu bila kuhangaika, na kama watoto wataelewa bila mtu wa kutafsiri, maana hapo hakuna VJ. Akitoka amenuna, umepoteza tiketi moja. Akitoka anapiga hadithi, basi Jumapili jioni anza kukusanya. Filamu kubwa namna hii haiondoki baada ya siku mbili, itakaa wiki kadhaa, na viti vya wiki ya pili ndivyo rahisi kupata. Haraka yote unayoisikia ni ya mtu anayelipwa kwa kila kiti.

Na basi lisimamishe pia. Mbale hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, wiki ya Idi, barabara imejaa watu wanaorudi kutoka kwao. Weka juu yake filamu ndefu hiyo, halafu safari ya usiku na watoto wamelala mapajani. Watu watavumilia yote hayo kwa filamu nzuri. Kwa filamu mbaya watakudai hadi maji waliyokunywa njiani, na huyo jamaa wa ndani hatakuwa ndani ya basi.

Mimi Ijumaa ile ya 30 nitakuwa Kampala kwa shughuli zangu. Nitaingia onyesho la kwanza litakalokuwepo, tiketi yangu, nauli yangu, na Jumamosi asubuhi nitaandika hapa bila kukuharibia mwisho. Kama ukumbi umekuandikia kwamba malipo yanarudi filamu ikichelewa, bandika hiyo barua hapa, yenye muhuri, tuisome pamoja. Kama hawajaandika, usipeleke hata shilingi. Na wale waliokwisha kukutumia, warudishie usiku huu huu, gharama ya kutuma ibebe wewe, halafu uwaambie tarehe ya kuulizia.