Bamvua ya kusi: lini uende ufukweni na kigunduzi cha metali

Wanaoanza kutafuta vitu vya metali ufukweni huniuliza kwanza mashine ya kununua. Mimi huwauliza leo ni mwezi ngapi, na mwezi ninaoutaka ni ule wa angani. Kigunduzi cha bei kubwa hakiokoti kitu kwenye mchanga ambao bahari imeurundika wiki nzima, kwa sababu pete imelala chini kuliko mashine inapofika. Kigunduzi cha kawaida, kwenye mchanga ulioliwa na mawimbi jana jioni, kinaweza kuipata kabla jua halijawa kali.

Nazungumzia ufuo wa kaskazini ya Mombasa, Nyali hadi Shanzu, ndiko ninakotembea. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huku huja mara mbili kwa mwezi, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo wavuvi wengi bado wanaifuata, ni karibu na tarehe 1 hadi 3, kisha 15 hadi 17. Siku hizo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na saa zake hazibadiliki sana kutoka bamvua moja hadi nyingine: hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Zikifika tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na hapo mimi hubaki juu kwenye mchanga mkavu. Jedwali la maji la Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, litakupa saa na kimo cha kila siku. Tafuta siku ambayo kupwa kumeandikwa chini ya mita 0.5.

Jedwali hilo linakwambia utaweza kutembea wapi. Halikwambii kama inafaa kwenda. Hilo linaamuliwa na upepo na mawimbi ya jana.

Kwenye utabiri wa bahari soma mambo matatu pamoja: kimo cha wimbi, sekunde kati ya wimbi moja na jingine, na upande linakotoka. Mawimbi ya mita 2 yanayofuatana kila sekunde 7 au 8 ni mafupi na yamesimama wima. Hayo hung'oa mchanga na kuushusha baharini. Mawimbi ya chini yaliyoachana sekunde 14 hivi hufanya kinyume chake, huurudisha mchanga taratibu na kufukia kila kitu. Watu wengi husoma kimo peke yake, wakiona namba kubwa wanabeba mashine. Kimo peke yake hakitoshi.

Na sisi tuna mwamba wa matumbawe mbele ya ufuo. Maji yakiwa yamepwa, wimbi kubwa linavunjikia huko nje kwenye mwamba na ufukweni panafika povu tu. Maji yakijaa bamvua, wimbi linapita juu ya mwamba na kuja kupiga ufuo wenyewe. Kwa hiyo ninachotafuta ni kusi kali, upepo wa kusini, iangukie saa ya maji kujaa. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mara nyingi hupata nguvu mchana, na bamvua hujaa saa kumi alasiri. Vikikutana, mimi huenda kutazama tu jioni hiyo, bila mashine. Kesho yake saa mbili asubuhi niko ufukweni, nayafuata maji yakishuka hadi saa nne, na yakianza kurudi narudi nayo.

Ukifika, usiwashe mashine kwanza. Tembea. Tafuta mahali mchanga umekatika ukaacha ukingo wima, hata ukiwa wa kimo cha goti tu. Simama chini ya ukingo huo ubonyeze kwa kisigino. Kisigino kikizama kwenye mchanga laini, endelea mbele. Kikigonga pagumu, tazama vizuri: makombe yaliyovunjika, vipande vya matumbawe, changarawe. Bahari imeondoa chepesi, imeacha kizito. Ukiona chubwi za wavuvi, zile risasi za kuzamisha mshipi, na shilingi zilizoshika kutu zimelala pamoja, punguza mwendo, kwa maana dhahabu ni nzito kuliko risasi na haiwezi kuwa imekwenda mbali na hapo. Ukipata vifuniko vya soda na karatasi za alumini tupu, umesimama kwenye mchanga mgeni, ulioletwa na bahari karibuni.

Pwani ya Bamburi watu huoga maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakipwa ni mawe na majani. Pete basi huanguka pale maji yalipomfika mtu kiunoni wakati wa kujaa, katikati ya ufuo, mahali panapokauka kabisa saa nne. Wengi hupapita mbio kukimbilia ukingo wa maji. Baada ya Krismasi, Pasaka na Idi, mbele ya ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale hapahitaji hata dhoruba. Wahi kabla upepo haujafunika.

Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya masafa moja italia ovyo. Punguza usikivu wake, au tumia ya masafa mengi.

Usiende peke yako kwenye mafungu ya mchanga ya nje. Bamvua ikirudi hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, wakati mbele bado unaona pakavu. Kwenye maji ya magotini buruta miguu, usiinyanyue, ili taa, samaki mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akusikie aondoke. Ukiona alama za kasa zimepanda kutoka majini, usichimbe kabisa sehemu hiyo.

Vitu vya kale si vyetu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda, na kuvitafuta kunataka kibali. Meli ya Kireno Santo António de Tanna iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 ilichimbuliwa na wataalamu kuanzia 1977, na kazi yao ndiyo iliyotufunza mengi kuihusu. Ukikuta kigae au sarafu usiyoitambua, piga picha, iache ilipo, kisha uwaarifu watu wa makumbusho.

Pete yenye majina au tarehe ndani ina mwenyewe. Mimi huanza na walinzi wa hoteli iliyo karibu, ndio huwa wa kwanza kuulizwa na aliyepoteza.