Maswali yenu kuhusu Tracy Chapman

Wasomaji wengi mmeniandikia kuhusu Tracy Chapman, mwimbaji na mtunzi wa Marekani anayejulikana zaidi kwa wimbo "Fast Car", na maswali yenu yanafanana sana. Nimeyakusanya yanayojirudia, nayajibu moja baada ya jingine.

Ni kweli Tracy Chapman alipata umaarufu kwa sababu vifaa vya Stevie Wonder vilipotea?

Tukio hilo lilitokea kweli. Tarehe 11 Juni 1988 uwanja wa Wembley, London, ulifurika watu waliokuja kuadhimisha miaka 70 ya kuzaliwa kwa Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani. Televisheni za nchi zaidi ya 60 zilikuwa zinaonyesha. Tracy alikuwa ameshaimba mchana na zamu yake ilikuwa imekwisha. Jioni, Stevie Wonder alipokaribia kupanda jukwaani, ikabainika kwamba diski ya kinanda chake, iliyobeba muziki aliotaka kuupiga, haionekani. Akaondoka. Waandaaji wakahitaji mtu anayeweza kuanza kuimba papo hapo. Tracy akapanda tena peke yake, yeye na gitaa lake, akaimba "Fast Car" mbele ya umati uliokuwa unamsubiri nyota mwingine kabisa. Albamu yake ya kwanza ilikuwa imetoka Aprili mwaka huo. Kufika Agosti ilikuwa namba moja Marekani.

Lakini jiulize, ndugu yangu: angekuwa msanii wa kutegemea bendi kubwa na mitambo, nafasi ile ingemfaa nini? Huyu alikuwa amezoea kuimba mtaani, pale Harvard Square katika mji wa Cambridge, Massachusetts, ambako mpita njia hasimami mpaka wimbo wenyewe umsimamishe. Wembley ilimkuta amejiandaa.

Muziki alijifunzia wapi? Kwao walikuwa na uwezo?

Uwezo haukuwepo. Alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, tarehe 30 Machi 1964. Wazazi wake waliachana akiwa bado mdogo, akalelewa na mama. Mama huyo ndiye aliyemnunulia ukulele, ala ndogo inayofanana na gitaa, akiwa na miaka 3. Alipofika miaka 8 alikuwa tayari anapiga gitaa na kutunga nyimbo. Baadaye alipata ufadhili wa kusoma shule ya bweni Connecticut, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Tufts kusomea anthropolojia.

Akiwa Tufts alirekodi nyimbo zake kwenye redio ya wanafunzi, kwa lengo la kuzisajili hakimiliki. Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, alichukua nakala ya rekodi mojawapo kimyakimya na kumpelekea baba yake, Charles Koppelman, aliyekuwa na kampuni ya uchapishaji wa muziki. Ndipo safari ya kuelekea lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, ya Elektra ilipoanza. Watu hupenda kisa hicho cha nakala iliyotoroshwa. Mimi kinachonigusa zaidi ni ile nia ya kusajili. Hana lebo wala jina, na ameshajua kwamba tungo zake ni mali yake. Ukilishika hilo, mengi aliyoyafanya baadaye utayaelewa.

"Fast Car" ni maisha yake mwenyewe?

Hapana. Ameshaeleza kwamba hakuwa anajisimulia. Ulimwengu wa wimbo ndio aliouona akikua Cleveland: watu wanafanya kazi kwa bidii na bado hawatoki pale walipo. Msichana wa kwenye wimbo anaacha shule amtunze baba mlevi. Tracy alisoma hadi chuo kikuu.

Kwa nini alimshitaki Nicki Minaj? Si angefurahi wimbo wake kurudiwa na kizazi kipya?

Angefurahi kama angekubali, na hakukubali. Nicki, ambaye ni rapa, alitaka kutumia wimbo wa Tracy "Baby Can I Hold You" ndani ya wimbo wake "Sorry" alioufanya na rapa mwenzake Nas. Akaomba ruhusa, akanyimwa. Wimbo haukuwekwa kwenye albamu yake ya 2018, lakini ukavuja na kupigwa redioni New York. Oktoba mwaka huo Tracy akaenda mahakamani. Mwaka 2020 jaji aliamua kwamba kuujaribu wimbo wa mtu studioni kabla ya kuomba ruhusa si kosa, uamuzi ambao naona ni wa haki, maana bila majaribio wasanii wasingejua waombe nini. Lililobaki lilikuwa suala la kuvuja. Kesi ikaishia kwa maelewano, Tracy akalipwa dola 450,000.

Walioniandikia wakimwita mchoyo, nawaomba wafikirie tena. Mtunzi akisema hapana kuhusu tungo yake, hiyo ni hapana kamili. Haidai maelezo.

Luke Combs amefaidika na wimbo wa mwanamke mweusi. Tracy amepata nini?

Swali lako ni zito na uchungu ulio ndani yake nauelewa. Combs, mwimbaji mzungu wa kantri (aina ya muziki wa Marekani), alitoa "Fast Car" yake mwaka 2023, ukafika namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani. Wa Tracy, mwaka 1988, uliishia namba 6. Ni haki kuuliza kama mwanamke mweusi mwenye gitaa angepewa nafasi hiyo hiyo na redio za kantri.

Hata hivyo, wimbo aliutunga peke yake, kwa hiyo malipo yote ya mtunzi yanamhusu yeye. Ulipoongoza chati ya redio za kantri, Tracy akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika kileleni hapo akiwa mtunzi pekee. Novemba 2023 akashinda tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ya wimbo bora wa mwaka, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata. Halafu tarehe 4 Februari 2024 wakaimba pamoja kwenye Grammy. Tafuta video yake. Tazama Combs anavyofuatisha midomo wakati Tracy anaimba, kama shabiki aliyepewa kiti cha mbele. Siku hiyo rekodi ya 1988 ilipanda hadi namba moja kwenye iTunes, duka la muziki la mtandaoni, Marekani.

Yuko hai? Mbona kimya?

Yuko hai. Albamu yake ya mwisho ya nyimbo mpya ilitoka 2008. Maisha yake binafsi hayaweki hadharani, tumwachie.

Mimi najua "Fast Car" tu. Nisikilize nini kingine?

Kwenye albamu hiyo hiyo ya kwanza sikiliza "Behind the Wall". Hakuna ala hata moja, ni sauti tupu ikisimulia jirani anayesikia mwanamke akipigwa ng'ambo ya ukuta, na polisi wanaochelewa kuja. Kwangu huo ndio wimbo wake wenye ujasiri kuliko wote. Kisha nenda "Give Me One Reason", bluzi aliyoiimba kwenye televisheni mwaka 1989, akakaa nayo hadi 1995 ndipo akaitoa. Mwaka uliofuata ilifika namba 3 Marekani, juu kuliko "Fast Car" ilivyofika mikononi mwake.