Kwa mwalimu anayetaka kustaafia kando ya ziwa, Kisumu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa Nakuru ambaye atatimiza miaka 60 mwishoni mwa mwaka huu. Ananieleza kwamba yeye na mkewe wamechoshwa na baridi, kwamba magoti huwauma kila ifikapo Julai, na kwamba wamekuwa wakisoma ninayoandika kuhusu maisha yangu hapa Kisumu na sasa wanatamani kunifuata. Swali lake ni moja tu: je, joto la kiangazi halitawashinda? Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu najua wako wengi wanaokaribia kustaafu ambao ndoto yao ni hiyo hiyo, yaani nyumba ndogo yenye kibaraza, samaki wabichi, upepo wa jioni, na asubuhi isiyo na kengele ya shule.

Joto halitawashinda, mwalimu, iwapo mtakubali kuishi kwa saa za jua na za upepo. Litawashinda mkija na ratiba ya Nakuru. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko takriban mita 1,130, na mteremko huo wa mita mia saba mtauhisi mwilini kabla hamjamaliza kushusha vyombo kwenye lori. Kuanzia Desemba hadi mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, na hasa Januari na Februari, joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na kuta zilizoota jua kutwa huendelea kuutoa moto wake ndani ya nyumba hadi usiku. Wenzetu waliostaafu kabla ya mwaka 2009 waliondoka kazini wakiwa na miaka 55. Sisi tunaondoka tukiwa na 60, na miaka hiyo mitano si midogo mtu anapoanza kuzoea hali mpya ya hewa.

Ningependa nieleze kwanza jinsi tulivyofika hapa, maana uamuzi huu haukuwa mwepesi. Mume wangu ni mtu wa Vihiga, na kwao, kama ilivyo kwa jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, mtu akistaafu hutarajiwa kurudi kwenye shamba la babake, ajenge, afuge ng'ombe wawili watatu, na aonekane katika kila matanga ya jirani. Tulipotangaza kwamba tungehamia Kisumu, kikao cha familia kiliitishwa, na mbele ya wazee wote wifi yangu mmoja akasema kwamba ninamhamisha ndugu yao aende akafie ugenini. Hakuna aliyemkanya. Maneno hayo bado yananiuma ninapoyaandika, kwa sababu mume wangu ana shinikizo la damu, na jambo lililotuleta hapa kabla ya jingine lolote lilikuwa kuwa karibu na daktari, na hospitali kubwa ya rufaa ya eneo hili iko mjini humu. Nyumba yetu ya Vihiga bado ipo na tunailinda vizuri. Kutoka Kisumu hadi mji wa Majengo, kule Vihiga, ni mwendo usiofika saa moja kwa matatu, nasi hatujawahi kukosa mazishi wala harusi ya ukoo. Leo mume wangu anatembea kila asubuhi, pumzi zake ni nzuri, na waliokuwa wakinong'ona huja kwetu wakati wa likizo wakakaa hadi wakaombwa kurudi makwao.

Miezi ya mwanzo nitairuka, kwa kuwa ilikuwa ya kutafuta mafundi na kupanga foleni za stakabadhi. Kilicho muhimu ni siku ya kiangazi inavyokwenda.

Siku yetu huanza kabla ya mapambazuko. Kazi yote inayohitaji nguvu, iwe ni kufagia ua, kumwagilia mboga, kufua au kwenda sokoni Kibuye, hufanywa kabla ya saa tatu asubuhi. Siku nyingine tunateremka hadi Dunga wakati mashua zinaporudi. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zao, kwa kuwa omena hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali wengi wao hawaendi. Wanawake husubiri ufuoni na mabeseni, na kabla jua halijawa kali, omena huwa zimekwisha kuanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Dada ninayenunua ngege, yaani tilapia, kwake ananifahamu vyema sasa. Huniambia, "Mwalimu, hawa ni wa ziwa, si wa vizimba," na mimi huinua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba nitazame matamvua, ambayo yanapaswa kuwa mekundu yenye unyevu. Yakiwa ya kahawia au yenye utelezi wenye harufu, samaki huyo amelala. Kisha hubonyeza nyama karibu na mkia: ikirudi mahali pake mara moja, nanunua, ikibaki na alama ya kidole, namrudisha kwenye beseni kwa heshima, wala dada yule hakasiriki. Jicho la samaki peke yake lisikudanganye, maana barafu hulifanya ling'ae hata baada ya siku mbili.

Samaki akifika nyumbani hapikwi saa sita. Nasisitiza hili kwa sababu wageni wetu kutoka Nakuru hulisahau kila mara. Kwetu chakula cha mchana huwa tayari kabla ya saa nne, jiko likazimwa, na jikoni pakafungwa. Ngege wa kuchemshwa kwa nyanya na vitunguu hana shida akisubiri mahali pa baridi kwa saa chache, na mrenda ndio kabisa hauna neno. Anayewasha jiko saa saba mchana mwezi wa Februari anaongeza moto juu ya moto, kisha analaumu Kisumu.

Kati ya saa tano na saa kumi tunakaa kivulini. Huo si uvivu. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi yake, ndiyo maana upepo wa kutoka Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo hapa Kisumu, huanza kuvuma mchana wakati jua liko utosini. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mwenye nyumba anayelijua hilo hufunga mapazia ya mashariki asubuhi, kisha hufungua madirisha ya upande wa ziwa mchana upepo unapoanza. Ugumu ni kwamba upepo na jua la alasiri hutoka upande mmoja, magharibi, kwa hiyo dirisha linalokuletea hewa ndilo linalokuletea moto. Sisi tulitatua hilo kwa kibaraza kipana na mwembe: kivuli kinalizuia jua, na upepo unapita. Baadhi ya siku, hasa mvua za masika zinapokaribia, mawingu hurundikana juu ya milima ya Nandi, na ifikapo saa kumi radi hupiga na mvua ikamwagika kwa kishindo. Basi nguo na omena ziwe zimeanuliwa mapema.

Kuhusu nyumba yenyewe, nitasema machache. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, inayokatiza hapo Maseno, kwa hiyo jua hupiga kuta za mashariki na magharibi kuliko za kaskazini na kusini, na madirisha makubwa ya vyumba vya kulala yafaa kuelekezwa kaskazini au kusini. Paa la mabati lisilo na dari ni adhabu. Fundi wetu alitushauri tusiweke dari ili tupunguze gharama, nasi tukakataa, na majirani waliokubali ushauri wa namna hiyo huja kukaa kibarazani kwetu mchana. Wekeni matundu ya hewa juu ya dari, yenye wavu, ili joto lipate pa kutokea.

Jioni ndiyo saa tamu kuliko zote, lakini nayo ina kanuni zake. Ziko nyakati ambapo vidudu vya ziwani hupanda juu ya maji kama moshi, vikasukumwa na upepo hadi majumbani na kujaa kila penye taa. Haviumi, ila vitaingia kwenye chai na kwenye pua. Zimeni taa za nje, fungeni madirisha yasiyo na wavu, na mtulie. Mbu ndio wa kuogopwa. Eneo la ziwa bado lina malaria nyingi, na mtu aliyeishi Nakuru miaka mingi hana kinga aliyo nayo mwenyeji. Laleni ndani ya chandarua hata usiku unapokuwa wa joto kiasi cha kutaka kukitupa, na homa ikianza msimeze dawa za kubahatisha. Nendeni mkapimwe siku hiyo hiyo.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa kuwa nimeona wastaafu wenzetu wakipuuza na kulazwa. Kadiri tunavyozeeka ndivyo hisia ya kiu inavyopungua, kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa maji kwa saa, jinsi unavyokunywa dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu akojoe zaidi na kupoteza maji na chumvi, na katika joto hili jambo hilo linaweza kumletea kizunguzungu na kumwangusha. Mweleze daktari wako kwamba unahamia mahali penye joto kabla ya kuhama, na usipunguze dozi kwa shauri la rafiki. Wajukuu wakija, msiwaache waoge ziwani kwenye maji ya pwani yenye majani na magugu, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho huishi humo. Na giza likiingia, ondokeni ufuoni. Viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na hawampishi mtu njia.

Jambo jingine ni kiwanja. Madalali watakupeleka mahali ambapo maji yanagusa ua na kukuambia kwamba hapo ndipo peponi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na nyumba na hoteli za samaki zilizokuwa zimejengwa ufuoni zikaingiliwa na maji. Upande wa uwanda wa Kano nako, Mto Nyando hufurika. Kumbukeni kwamba malipo ya mkupuo ya pensheni hulipwa mara moja tu. Tafuteni pahali palipoinuka, hata kama ziwa mtaliona kwa mbali. Upande wa Riat ni wa juu na una hewa, ingawa kuteremka mjini kila siku kuna gharama yake. Kabla ya kutoa shilingi moja, waulizeni wazee wa hapo maji yalifika wapi mwaka huo, tena waulizeni bila dalali kuwepo.

Na tafuteni watu. Mstaafu anayejifungia ndani na redio yake huzeeka upesi kuliko jua linavyoweza kumzeesha. Sisi tulijifunza kuwaamkia majirani kwa Kijaluo, tukajiunga na chama cha akina mama na cha wazee kanisani, na mimi nafundisha watoto wa mtaani kusoma jioni kibarazani bila malipo. Tunaheshimiwa hapa. Wale watakaokuambia kwamba mahali pa mzee ni kwenye shamba la ukoo tu, wasikilize kwa adabu, kisha waulize ni nani kati yao atakayekupeleka kliniki usiku wa manane.

Kwa hiyo, mwalimu, msije Julai mkanusa upepo mzuri na kusaini mkataba wa kununua. Njooni Februari. Pangeni nyumba ya kawaida yenye dari katika mtaa ulioinuka, mkae humo hadi mvua za masika zishike, mkiamka mapema, mkipika mapema, mkipumzika mchana, na mkiandika kila siku vipimo vya shinikizo la damu ili daktari avione. Mkifika, nitumieni ujumbe. Tutakwenda Dunga pamoja asubuhi, niwajulishe kwa yule dada wa ngege.