Konfigi ya kuazima haisitiri

Jana kaniandikia msomaji mmoja, kijana anaonekana ana haraka kweli: "Kaka naomba nitumie nginx.conf yako, nataka seva yangu iwe na spidi kama yako." Hiyo nginx.conf ni konfigi, yaani faili la mipangilio ya nginx, programu ya seva inayowapa watu kurasa za wavuti. Meseji za hivi napata sana tu kwa hiyo leo najibu hapa kwa wote. Situmi. Na siyo uchoyo, konfigi yangu ukiiona utacheka, ni fupi, na sehemu kubwa ni majina ya domeni na mahali vyeti vya SSL (vya kulinda mawasiliano ya saiti) vilipo.

Najua wote mnaosoma hapa mnataka kuwa yule mtu anayepigiwa simu seva ikigoma. Basi ngoja niwape kisa.

Kuna mteja alinikabidhi seva iliyoachwa na fundi aliyeondoka. Malalamiko mawili: saiti nzito, na watu hawawezi kupakia picha. Nafungua faili, weee! Mistari inashuka tu haiishi, unaona kabisa kipande hiki kimekopiwa huku, kile kimepestiwa kutoka kule, hadi komenti za wenyewe bado zimo. worker_connections, yaani miunganisho ambayo kila prosesi ya nginx inaweza kushika kwa wakati mmoja, jamaa kaweka 65535, namba kubwa inapendeza macho, lakini ukiendesha nginx -t, amri ya kukagua konfigi, inakupa onyo palepale kwamba umezidi idadi ya faili ambazo mfumo unaruhusu kufungua, ambazo pale zilikuwa 1024. Sasa hiyo 65535 ni pambo tu. gzip_comp_level, kiwango cha kubana kurasa kabla ya kutumwa, kaipandisha mpaka 9, CPU inahenyeka kwa faida ndogo sana. fastcgi_read_timeout kaweka 600, yaani PHP (lugha iliyoandikiwa saiti) ikikwama nginx inaisubiri dakika 10 nzima wakati difolti, yaani thamani inayotumika usipoandika kitu, ni sekunde 60. Hapo hajatibu chochote, kaficha tu kwery (ombi la kutafuta data) mbovu ya databesi ili erori ya 504, ya nginx kuchoka kusubiri, isionekane.

Kwenye picha ndo nilicheka. Difolti ya client_max_body_size, ukubwa wa juu wa kile mtu anachotuma, ni 1m yaani MB 1, ukizidisha hapo nginx inakurudisha na erori ya 413. Yeye akaweka 100m, 413 ikapotea, akajua kamaliza. Kumbe nyuma yake PHP nayo ina mipaka yake, upload_max_filesize ya faili moja ni 2M na post_max_size ya fomu nzima ni 8M, na hizo hakuzigusa. Na ukivuka ile 8M, $_POST na $_FILES, ambamo PHP inasoma fomu na mafaili, zote zinafika tupu, kwa hiyo mtu anajaza fomu vizuri, anaweka picha zake, anabonyeza tuma, halafu anaambiwa "tafadhali andika jina lako". Jina kaliandika! Watu walikuwa wanarudia na kurudia masikini.

Nikaanza kufuta. Kila mstari nafungua dokumentesheni, difolti ni ngapi, huyu kaweka ngapi, kuna sababu? Hakuna, toa. Kazi inayochosha hiyo siwasimulii yote. Nikapandisha mipaka ya PHP, ile kwery nikaiwekea indeksi ili itafute haraka, saiti ikaanza kukimbia na faili likabaki la kusomeka mara moja ukaelewa.

Mteja anaangalia anasema, "Sasa umeandika nini hapa? Si umefuta tu?" Akapunguza hela. Mpaka leo inaniuma, siwadanganyi. Aliyerundika mamistari alionekana mtaalamu, aliyejua ipi haina kazi akaonekana mvivu.

Ndo maana nasema, kabla hujabadilisha setingi jua kwanza difolti yake, na ujue kwa nini unaiacha. Ukishindwa kueleza mstari kwa maneno yako mwenyewe huo mstari siyo wako. Na tofautisheni vitu viwili ambavyo wengi wanavichanganya: faili linalokuja na nginx siyo difolti zenyewe. Kwenye faili la mfano utakuta keepalive_timeout, sekunde ambazo muunganisho unaachwa wazi, ni 65, lakini ufute huo mstari uone, nginx inatumia 75 iliyomo ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo usiseme "nimeacha difolti" kumbe umeacha alichoandika mtu mwingine.

Sisemi difolti ziabudiwe jamani. Zimewekwa ili seva iwake popote, hata kwenye mashine dhaifu. Usipoandika worker_processes, idadi ya prosesi za nginx, unapata 1, weka auto ifuate idadi ya core za CPU. gzip imezimwa, iwashe. server_tokens imewashwa, inamtangazia kila mtu toleo la nginx unalotumia, izime. Hizo zina sababu na unaweza kumweleza yeyote akaelewa.

Halafu difolti nazo huwa zinabadilika. Kwenye Apache, programu nyingine ya seva, LimitRequestBody, kikomo cha kile mtu anachotuma, ilikuwa 0 mpaka toleo la 2.4.53, yaani hakuna kikomo, kuanzia 2.4.54 ikawa GB 1. Mtu kaapdeti, mafaili makubwa yanakataliwa, anaapa hajagusa kitu, na kweli hajagusa. Ndo maana kile unachokitegemea kiandike wazi hata kama kinafanana na difolti, na juu yake weka komenti ya sababu. Soma pia orodha ya mabadiliko kabla ya kuapdeti, mnapenda kuiruka.

Na wewe kijana wa jana, ulisema pia heda zako za usalama (maelekezo ambayo seva inaipa browser pamoja na ukurasa) zinaonekana kurasa nyingine na nyingine hazionekani. Angalia add_header, mstari unaoziongeza. Ukiziweka kwenye server, bloku ya saiti nzima, halafu ndani ya location, bloku ya anwani fulani tu, ukaandika add_header hata moja tu, zile za juu zote hazirithiwi pale, zinapotea kimyakimya na nginx -t inakwambia kila kitu kiko sawa. Endesha nginx -T ikutolee konfigi yote pamoja na mafaili yaliyoingizwa, tafuta hiyo location, zirudie zote mle ndani, rilodi, halafu curl -I kwenye ukurasa wenyewe uone heda zinazorudi.