Mshindani wetu ni mvua: maneno kwa vijana wanaoanza kazi ya takataka Bukavu

Wadogo zangu, wiki ijayo mtapewa buti, glavu na jile yenye mistari inayong'aa, kisha kila mmoja ataonyeshwa pusipusi yake, ule mkokoteni wa kusukuma. Kabla ya hapo kuna jambo moja nataka mlisikie. Mimi nililielewa baada ya misimu miwili ya mvua, tena kwa hasara.

Nilipoanza nilidhani wapinzani wetu ni vikundi vingine vya kubeba takataka. Tulikuwa tunagombania avenyu kama wauza mikate. Kumbe mpinzani yuko juu mawinguni. Mji wetu ni milima na makorongo. Kutoka mtaa wa Cimpunda hadi Ziwa Kivu maji yanatelemka tu. Mtu anaweka saki lake la takataka nyuma ya nyumba, anangoja wingu jeusi, mvua ikianza kupiga anamwaga yote mferejini. Dakika kumi, hakuna kitu. Mvua haidai risiti, haipumziki Jumapili, na inapita hata kwenye vile vinjia vya komini ya Kadutu ambako pusipusi haiingii. Kuanzia Septemba hadi Mei, yeye ndiye anayefanya kazi kwenye eneo letu, na anafanya bure.

Kwa hiyo ukiwaambia watu Jumanne, iwe Jumanne. Mwaka mmoja kamyo tuliyokodi iliharibika na tukakosa Jumanne mbili. Tuliporudi, avenyu nzima ilikuwa na saki tupu zimeanikwa kwenye kamba. Mwisho wa mwezi nikapita kuchukua pesa. Mama mmoja wa Nyawera akanitazama kwa upole kabisa: "Mwanangu, ninalipa ili mutoke na takataka. Mvua ndiyo imetoka nazo. Sasa nimlipe nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, kamyo isipokuja, tunapita hata kwa mguu kubeba kile kinachobebeka, hata robo yake. Mtu akikuona mlangoni siku uliyosema, saki halimwagwi.

Tukiwa bado kwenye pesa, nikae hapo kidogo, maana ndipo kampuni ndogo zinapofia. Sisi tulianza na pusipusi mbili na kamyo ya kukodi, na ile kamyo ilikula kila kitu: mazuti, shofere, matairi ya kupanda mlima. Hatukuanguka kwa kukosa wateja. Tuliyumba kwa sababu tulikuwa tunadai pesa ya mwezi kwa watu wanaoishi kwa pesa ya siku. Mama anayeuza nyanya hana pesa ya mwezi mkononi, lakini ya wiki anayo jioni ya siku ya soko. Tulipokubali kulipwa kidogo kidogo kila wiki, madeni yakapungua. Andikeni kwenye daftari mbele ya macho yake, na muandike kama ni faranga au dola, maana mkichanganya mtagombana bure. Dola iliyochanika hata kidogo msiipokee. Hakuna atakayeichukua kwenu.

Sasa kazi yenyewe. Zaidi ya nusu ya mnachobeba ni vitu vya jikoni: maganda ya ndizi na muhogo, mashina ya sombe, mabaki ya maharagwe. Vikinyeshewa, mnabeba maji ya mvua na kuyalipia mazuti hadi juu ya kilima. Ombeni kila nyumba itenge maganda. Wenye nguruwe watayachukua wenyewe, hata kabla hamjafika, na yanayobaki tunayaozesha kuwa mbolea. Rundo la mbolea linapimwa kwa chuma: chomeka fimbo ya chuma katikati, iache kidogo, uivute. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika vizuri, linafanya kazi. Linatakiwa kufika nyuzi 55 hadi 65 ili vijidudu vife. Ikitoka baridi, geuzeni rundo, hewa iingie. Kisha kamata mbolea mkononi uikamue: maji yakichuruzika, imelowa mno, ikimomonyoka kama unga, mwagieni maji. Lakini wembe mmoja tu ndani ya mbolea, mkulima hatarudi tena kununua. Ilitupata hiyo.

Majivu ya makala, yaani ya mkaa wa kupikia, yana kesi yake. Yanaonekana yamezima, juu ni kijivu, ndani kuna kaa linapumua. Saki letu moja liliwahi kuwaka tukiwa kwenye njia nyembamba katikati ya nyumba za mbao. Tuliyazima kwa maji ya kuogea ya mtu, na mwenye maji alitukumbusha mwaka mzima. Ulizeni majivu yamelala tangu lini. Kama ni ya leo, yaacheni.

Msisindilie saki kwa mguu wala kwa mkono, na mkilibeba lisigonge paja. Sindano haipigi hodi. Chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B mzitafute mapema. Hiyo ya pili ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na dozi moja haitoshi. Takataka za kituo cha afya hatubebi, hata mtu akiongeza pesa.

Halafu kuna sashe, mfuko mwepesi wa plastiki. Haina uzito, ndiyo maana kila mtu anaidharau, hata sisi. Tangu dekreti ya 30 Disemba 2017 imekatazwa nchini mwetu Kongo, na majirani Rwanda waliikataza tangu 2008. Ukivuka mpaka nayo mkononi wanakunyang'anya. Hapa kwetu chumvi, sukari na karanga bado vinatoka dukani ndani yake. Ikipeperuka kutoka kwenye kamyo hakuna anayekuita, kwa hiyo unasema potelea mbali. Inashuka mferejini, inaingia ziwani, na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi, hapa hapa mjini. Sashe na chupa zinaelea hadi kwenye bwawa la Ruzizi I, zinaziba njia ya maji ya mitambo ya umeme, watu wanalazimika kuziopoa. Jioni taa zinazimika, na wewe uliyeiacha ipeperuke unatafuta mshumaa. Kamyo isitoke bila wavu juu. Shofere akisema wavu unamchelewesha, shukeni.

Jumatatu tunaanza saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mkiona wingu linakusanyika, msianze na nyumba za barabara kubwa. Zina ukuta na pipa, zitasubiri. Telemkeni kwanza kwa wale wanaokaa ukingoni mwa mfereji.